Barbara McClintock: Maisha ya Msomi wa Mahindi na Chimbuko la Jeni Ndogo za Udhibiti

Utangulizi

Msomaji wa fasihi anapokutana na maisha ya mwanasayansi, jambo la kwanza analolitambua ni msuko wa hadithi. Maisha ya Barbara McClintock, mtaalamu wa jenetiki ya mahindi aliyeishi nchini Marekani kati ya mwaka 1902 na 1992, yamesimuliwa mara nyingi mno kwa msuko mmoja. Shujaa anagundua siri, anaitangaza, wenzake wanampuuza, anajitenga kwa miaka thelathini, kisha ulimwengu unagutuka na kumvika taji. Msuko huu unapendeza kwa kuwa unashabihi ngano tulizolelewa nazo, ambamo kitinda mimba anayebezwa ndiye hatimaye anayemshinda zimwi. Makala haya yanadhamiria kuyasimulia maisha hayo kwa njia tofauti kidogo. Tutajaribu kuonyesha kwamba msuko huo mtamu umelifunika jambo lenye uzito zaidi, nalo ni lile hasa alilolisema McClintock ambalo wenzake hawakulikubali. Jambo hilo limerudi mezani baada ya kifo chake kupitia utafiti wa molekuli ndogo za RNA zinazodhibiti jeni za mimea na jinsi zilivyochipuka.

Kabla ya kuendelea, ni vyema tuseme machache kuhusu istilahi. Taaluma ya jenetiki bado haijapata msamiati unaokubalika na wote katika Kiswahili. Hapa, jeni ni sehemu ya uzi wa DNA iliyobeba maagizo ya urithi. Kromosomu ni uzi wenyewe ukiwa umefungashwa ndani ya kiini cha seli, nayo RNA ni nakala inayotolewa kwenye DNA ili maagizo yafike yanakotendewa kazi. Kwa kile alichokigundua McClintock, wapo wanaosema transposoni. Mwandishi wa makala haya anapendelea jeni-hamaji, maana kuhama ndiko kunakozipambanua na nyingine. Kuruka, kitenzi kinachopendwa na magazeti, kunatia chumvi: vipande hivi huweza kutulia vizazi na vizazi kabla ya kubadili makao.

Malezi na masomo

McClintock alizaliwa tarehe 16 Juni 1902 mjini Hartford katika jimbo la Connecticut, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Baba yake, Thomas Henry McClintock, alikuwa tabibu. Mtoto huyo alipewa kwanza jina la Eleanor, lakini wazazi wakaliona kuwa laini mno kwa tabia aliyokuwa akiionyesha, wakambadilishia na kumwita Barbara. Familia ilihamia Brooklyn mwaka 1908, na huko ndiko alikosomea shule ya upili ya Erasmus Hall. Mama yake, Sara, alikuwa na hofu ambayo wasichana wengi wa Afrika Mashariki waliosoma wataitambua bila kuelezwa: kwamba binti akisoma chuo kikuu atakosa mume. Baba, aliyekuwa amerejea kutoka utumishi wa kitabibu jeshini baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliukata mzozo huo kwa kumwunga mkono binti, na mwaka 1919 Barbara akajiunga na kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca.

Huko hakuishi maisha ya mtawa kama baadhi ya wasimulizi wanavyodokeza. Alipiga banjo katika bendi ya jazi na alikuwa na marafiki tele. Lakini alipochukua somo la jenetiki, mwalimu wake alimpigia simu kumwalika katika darasa la wanafunzi wa uzamili ilhali yeye bado alikuwa wa shahada ya kwanza, na mwaliko huo ndio uliomfungulia njia. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1923, ya uzamili mwaka 1925 na ya uzamifu mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 25. Hakuwahi kuolewa. Hakuna ushahidi kwamba jambo hilo lilimsumbua yeye kama lilivyomsumbua mama yake.

Kromosomu kumi

Ili kuelewa alichokifanya kijana huyo, inafaa tukumbuke hali ya elimu ya urithi katika miaka ya 1920. Wataalamu wa nzi wa matunda, wakiongozwa na Thomas Hunt Morgan, walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba jeni hupangwa mstari mmoja kwenye kromosomu. Wataalamu wa mahindi, ambao kiongozi wao pale Cornell alikuwa Rollins Emerson, walijua kufuata urithi wa rangi na umbo la punje, lakini hawakuweza kutofautisha kromosomu moja ya mhindi na nyingine chini ya hadubini. McClintock aliboresha mbinu ya kuponda seli changa za chavua katika rangi nyekundu ya kamini, akazitazama kwa subira isiyo ya kawaida, na kufikia mwaka 1929 alikuwa amezitambua zote kumi, kila moja kwa urefu wake, kiungo chake na vinundu vyake. Kuanzia hapo, mhindi ukawa mmea ambao sura ya punje ingeweza kulinganishwa na sura ya kromosomu.

Ulinganisho huo ndio uliozaa kazi yake ya kwanza kubwa. Mwaka 1931, pamoja na mwanafunzi Harriet Creighton, alichagua mimea ambayo kromosomu yake ya tisa ilikuwa na kinundu kwenye ncha moja na kipande cha kigeni kwenye ncha ya pili, mithili ya kamba iliyofungwa fundo huku na kutiwa kiraka kule. Katikati ya alama hizo kulikuwa na jeni ya rangi ya punje na jeni ya aina ya wanga. Kila sifa hizo mbili zilipotengana katika kizazi kilichofuata, alama zilizoonekana kwa hadubini nazo zilikuwa zimetengana. Kwa hiyo kubadilishana kwa sifa kulikuwa kubadilishana kwa vipande halisi vya kromosomu. Majuma machache baadaye Curt Stern alichapisha matokeo kama hayo kutokana na nzi. Creighton na McClintock walitangulia kwa sababu Morgan, alipotembelea Ithaca na kuona matokeo, aliwahimiza wasingoje msimu mwingine wa mavuno.

Sifa alikuwa nazo basi, ila kazi ya kudumu hakuwa nayo. Kwa miaka kadhaa aliishi kwa fedha za ufadhili. Mwishoni mwa mwaka 1933 alikwenda Ujerumani akitaraji kufanya kazi na Stern, lakini Stern, aliyekuwa Myahudi, alikuwa tayari amehamia Marekani. Utawala wa Wanazi ulimtisha, naye akarejea kabla ya muda wake kwisha. Mwaka 1936 aliajiriwa katika Chuo Kikuu cha Missouri kwa juhudi za Lewis Stadler, bingwa wa kubadilisha jeni kwa miale ya eksirei. Huko aliona jambo ambalo lingemfikisha mbali. Kromosomu iliyovunjika ilikuwa na tabia ya kuungana ncha kwa ncha na pacha wake. Seli ilipogawanyika, kromosomu hizo zilizoungana zilivutwa pande mbili kama daraja, zikakatika upya, na mzunguko ukaanza tena. Hata hivyo, Missouri hakupafurahia. Aliamini kwamba hangepandishwa cheo, na mwaka 1941 akaondoka bila kuwa na uhakika wa pengine pa kwenda. Mwisho wa mwaka huo alipata nafasi katika kituo cha utafiti cha Carnegie kilichokuwa Cold Spring Harbor, katika kisiwa cha Long Island, New York. Alikaa hapo hadi mwisho wa maisha yake.

Inafaa kusisitiza kwamba alipofika huko hakuwa mtu asiyejulikana. Mwaka 1944 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, mwanamke wa tatu kupata heshima hiyo, na mwaka 1945 akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Chama cha Jenetiki cha Marekani. Kitinda mimba wa ngano yetu, basi, alikuwa tayari amekalia kiti cha wazee kabla ya kupuuzwa kwake kuanza.

Punje zenye madoa

Katika majira ya kiangazi ya mwaka 1944 McClintock alipanda mbegu zilizopokea kromosomu ya tisa iliyovunjika kutoka kwa wazazi wote wawili. Mimea iliyochipuka ilikuwa na majani ya mabaka na punje za madoadoa ya ajabu. Yapo mambo mawili yaliyomvutia. La kwanza ni kwamba madoa hayakuwa ya ovyo. Kila mmea ulikuwa na mwendo wake wa kubadilika, na mwendo huo ulidumu katika maisha yote ya mmea. La pili ni kwamba baadhi ya mabaka yalikuja mawili mawili, bega kwa bega, moja likiwa na mabadiliko mengi na jingine machache kuliko mmea wenyewe. Alihitimisha kwamba seli mama ilipogawanyika, binti mmoja alipata kitu ambacho mwenzake alikipoteza. Ni kitu gani kinachoweza kupotezwa na seli moja na kupatwa na jirani yake?

Alitumia miaka minne kulijibu swali hilo. Kwanza alikuta mahali kwenye kromosomu ya tisa ambapo kromosomu ilivunjika mara kwa mara pale pale, akapaita Ds. Kisha akakuta kwamba Ds haivunji kitu pasipo kuwapo sehemu ya pili, aliyoiita Ac, ambayo huweza kuwa mbali kabisa, hata kwenye kromosomu nyingine. Mwaka 1948 alikabiliwa na matokeo ambayo hayakuwa na maelezo ila moja: Ds haikuwa tena mahali pake. Ilikuwa imehama.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa punje. Jeni moja inayohitajika ili punje iwe na rangi ya zambarau ilipoingiliwa na Ds, punje ikakosa rangi. Lakini palipokuwa na Ac katika seli, Ds iliweza kuchopoka, na seli ambamo ilichopoka, pamoja na vizazi vyake vyote, zikarudishiwa rangi. Ds ikichopoka mapema, punje inapokuwa bado na seli chache, doa huwa kubwa. Ikichopoka mwishoni, doa huwa dogo kama ncha ya sindano. Fauka ya hayo, nakala za Ac zilipoongezeka, kuhama kulichelewa na madoa yakawa madogo zaidi. Mtu aliyejua kuisoma punje angeweza kusema ni lini, katika ukuaji wake, tukio lilitokea. McClintock alijua kuisoma.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. McClintock hakuridhika kusema kwamba vipande vya kromosomu huhama. Kilichomsisimua ni kwamba vilihama kwa wakati maalumu na kwamba vilizima na kuwasha jeni za jirani. Swali lililowatatiza wanabiolojia wa zama hizo lilikuwa hili: iwapo kila seli ya mmea ina jeni zilezile, mbona jani ni jani na punje ni punje? Yeye alidhani amelipata jibu. Vipande hivyo, alivyoviita elementi za udhibiti, ndivyo vinavyoamua jeni gani ifanye kazi, wapi na lini. Alichapisha muhtasari mwaka 1950, na mwaka 1951 akaueleza mfumo wote katika mkutano wa kila mwaka wa Cold Spring Harbor, kwa hotuba ndefu iliyojaa misalaba ya mimea na takwimu za punje.

Hotuba hiyo haikupokewa vyema. Wasikilizaji wengi walitoka wakiwa wametatizika. Kwa mujibu wa wasifu ulioandikwa na Evelyn Fox Keller mwaka 1983, walimwona kama mtu aliyepotoka, na hapo ndipo ngano ya nabii asiyesikizwa ilipopata umbo lake mashuhuri. Lakini mwaka 2001 mwanahistoria Nathaniel Comfort alizipitia upya nyaraka na kumbukumbu za maabara, akafikia hitimisho jingine. Wataalamu wa mahindi, asema, walikubali mapema kwamba vipande hivyo huhama. Hoja yake ina mashiko. Brink na Nilan, waliokuwa Wisconsin, waliripoti mfumo kama huo mwaka 1952, na Peter Peterson akaripoti mwingine mwaka 1953. Ambacho hakikukubalika ni nadharia ya udhibiti. Wenzake waliona kuhama kuwa kweli, na udhibiti wa ukuaji kuwa dhana isiyo na ushahidi wa kutosha.

Mwandishi wa makala haya anaegemea upande wa Comfort, ingawa si kwa moyo mweupe. Ni kweli kwamba mwanamke katika sayansi ya miaka hiyo alihukumiwa kwa mizani tofauti, na hilo Keller hakulibuni. Ila tukimfanya McClintock kuwa shujaa aliyepuuzwa kwa kila alichosema, tunakosa kuuliza kama kila alichosema kilikuwa sahihi. Yeye mwenyewe alilichukulia suala la udhibiti kwa uzito mkubwa. Baada ya makala ya mwaka 1953 yaliyoombwa nakala na watu wachache tu, alipunguza sana kuchapisha katika majarida. Matokeo yake aliyaweka katika ripoti za kila mwaka za Carnegie, ambazo ziliandikwa kwa ukamilifu ila zilisomwa na wachache. Na pale Jacob na Monod walipotangaza mwaka 1961 kwamba bakteria wana jeni zinazodhibiti jeni nyingine, aliandika makala haraka mwaka huohuo kuonyesha mshabaha kati ya mifumo yao na ile ya mahindi.

Mbegu za Amerika ya Kusini

Sehemu ya maisha yake inayosahaulika ni ile iliyoanza mwaka 1957. Akifadhiliwa kuhifadhi mbegu za kienyeji zilizokuwa hatarini kutoweka, McClintock alisafiri katika nchi za Amerika ya Kati na ya Kusini, akawafunza watafiti wa huko, na akachunguza vinundu vya kromosomu katika mamia ya mahindi ya kienyeji. Vinundu hivyo vilimwezesha kufuatilia njia ambazo wakulima walizipitisha mbegu kutoka bonde hadi bonde. Kazi hiyo, aliyoitimiza pamoja na Takeo Kato na Almiro Blumenschein, ilichapishwa mwaka 1981. Inahusu mageuko ya mhindi kutoka kwa nyasi pori za Meksiko ziitwazo teosinte. Rafiki yake wa tangu Cornell, George Beadle, alikuwa akitetea nasaba hiyo tangu mwaka 1939. Tutairudia teosinte mbele kidogo.

Kutoka mwisho wa miaka ya 1960 upepo ulibadilika. Vipande vinavyohama vilionekana katika bakteria, kisha katika hamira na nzi, na mapema miaka ya 1980 Ac na Ds zenyewe zikatolewa katika mhindi na kusomwa herufi kwa herufi. Tuzo zikafuata mfululizo, na tarehe 10 Oktoba 1983 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba peke yake, bila mshirika, akiwa na umri wa miaka 81. Hakuwa na simu nyumbani. Habari aliipata redioni. Kamati ilimtuza kwa kugundua elementi za urithi zinazohama, wala haikumtuza kwa nadharia ya udhibiti. Alifariki tarehe 2 Septemba 1992 huko Huntington, New York, akiwa amepita miaka tisini.

Molekuli ambazo hakuziona

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, mwaka 1993, maabara za Victor Ambros na Gary Ruvkun zilieleza kwamba jeni moja ya mnyoo mdogo haikutoa protini yoyote. Ilitoa kipande kifupi cha RNA ambacho kilijibandika kwenye RNA ya jeni nyingine na kuizima. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2024. Katika mimea, Hamilton na Baulcombe waliripoti RNA fupi za kunyamazisha jeni mwaka 1999, na mwaka 2002 zikatambuliwa zile zinazotoka kwenye jeni zake maalumu. Huwa na urefu wa nyukliotidi 21 hivi. Jeni yake hunakiliwa kuwa RNA ndefu kidogo inayojikunja yenyewe kama kibanio cha nywele. Kimeng'enya hukata kipande katikati ya mkunjo. Kipande hicho hushikwa na protini, na pamoja huisaka RNA yenye herufi zinazolingana nacho na kuikata. Kwa njia hii mmea huamua lini jani liache utoto, lini ua lichomoze, na upande upi wa jani utazame juu.

Jeni za namna hii zilitoka wapi? Swali hili limewashughulisha watafiti kwa zaidi ya miongo miwili. Nyingine ni kongwe, zikipatikana katika kuvumwani na katika mahindi vilevile, jambo linaloashiria kwamba zilikuwako tangu mimea ilipotoka majini na kutawala nchi kavu. Nyingi, hata hivyo, ni changa, nazo hupatikana katika jamii chache tu za mimea zenye undugu wa karibu. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba baadhi ya hizo changa, katika mmea wa Arabidopsis thaliana, zilizaliwa kutokana na jeni zile zile zinazozidhibiti. Jeni ilijirudufu, nakala yake ikakaa kinyumenyume, na RNA iliyotokana nayo ikawa na nusu mbili zinazolingana, kwa hiyo ikajikunja. Mwanzoni mkunjo kama huo hukatwakatwa vipande vingi visivyo na mpangilio. Kadiri vizazi vinavyopita, herufi hubadilika hapa na pale, na kipande kimoja chenye manufaa ndicho hubaki kikilindwa na uteuzi asilia. Jeni hiyo, kwa maneno mengine, ni mtoto anayekuja kumzuia mzazi wake.

Asili ya pili inatupeleka kwa McClintock moja kwa moja. Miongoni mwa jeni-hamaji kuna vipande vifupi ambavyo, kama Ds, haviwezi kuhama pasipo msaada wa kingine, na ambavyo ncha zake mbili zinalingana kinyumenyume. Kipande cha aina hiyo kikitua mahali panaponakiliwa, RNA yake hujikunja kibanio bila kungoja urudufu wowote. Tangu mwaka 2008 wachunguzi wameonyesha kwamba baadhi ya jeni za RNA ndogo katika Arabidopsis na mpunga zimetokana na vipande hivyo. Na kwa kuwa nakala za jeni-hamaji zimetapakaa kote, RNA ndogo iliyozaliwa hivyo hukuta shabaha nyingi tayari. Nyingi ya jeni hizi changa hazidumu. Ulinganisho wa Arabidopsis thaliana na ndugu yake Arabidopsis lyrata, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba huzaliwa na kufa kwa wingi, na chache sana ndizo hupata kazi ya kudumu.

Mhindi wenyewe umetoa mfano ambao kwa maoni yetu ni mzuri kuliko yote. Miongoni mwa jeni-hamaji zake kuna jamii iitwayo Mutator, iliyogunduliwa na Donald Robertson mwaka 1978 na ambayo haikuwa ya McClintock. Mwaka 2005 ilielezwa kwamba nakala moja iliyokatika ya Mutator ilijirudufu kinyumenyume, ikaanza kutoa RNA inayojikunja, na RNA ndogo zilizotokana nayo zikaizima jamii nzima ya Mutator. Ajabu ni kwamba hali hiyo ya kuzimwa iliendelea kurithiwa hata katika mimea ambayo haikuipokea nakala yenyewe iliyosababisha. McClintock alikuwa ameona katika miaka ya 1950 na 1960 kwamba elementi zake zilikuwa na vipindi vya kulala na kuamka, na kwamba hali hiyo iliweza kurithiwa bila elementi kuondoka mahali pake. Wakati huo haikujulikana kitu chochote katika seli ambacho kingeweza kuifanya kazi hiyo.

Je, alikuwa sahihi basi? Jibu la haki halifurahishi upande wowote. Mhindi hautengenezi jani na punje kwa kuhamisha Ac na Ds. Katika hilo wenzake wa mwaka 1951 walikuwa na haki ya kusita, na msimulizi anayewaonyesha kuwa wajinga anawaonea. Lakini dhana pana, kwamba vipande vinavyohama vyaweza kufanywa vidhibiti vya jeni, imethibitishwa kwa namna ambayo hakuitarajia: si katika maisha ya mmea mmoja, bali katika mageuko ya mamilioni ya miaka. Jenomu ya mhindi iliposomwa mwaka 2009 ilikutwa kwamba takriban asilimia 85 yake ni jeni-hamaji au masalia yake. Mwaka 2011 ikabainika kwamba jeni mojawapo iliyoifanya teosinte yenye matawi mengi kuwa mhindi wenye bua moja ilibadilishwa utendaji wake na jeni-hamaji iliyotua mbali kidogo na jeni hiyo.

Upo pia mhindi wa ajabu ambao badala ya kusimama bua moja huchipua vichipukizi vingi na kufanana na nyasi. Watafiti huuita Corngrass. Mwaka 2007 ilijulikana kwamba kasoro yake inatokana na jeni mbili za RNA ndogo zilizokaa sanjari, zinazofanya kazi kupita kiasi kwa sababu jeni-hamaji imetua kando yake. RNA hiyo ndogo huuweka mmea katika utoto usiokwisha, na miongoni mwa jeni inazozizima imo ile ambayo mabadiliko yake yaliitoa punje ya teosinte katika gamba lake gumu. Kipande kinachohama, RNA ndogo na nasaba ya mahindi, mambo ambayo McClintock aliyagusa mawili na la tatu hakuliwahi, yamekutana katika mmea mmoja. Maelezo ya kwanza kuhusu urithi wa mmea huo yalichapishwa mwaka 1951, mwaka ule ule aliposimama mbele ya mkutano wa Cold Spring Harbor.